Madumu Manane

Jina lake Sikudhani,
naye hudhani mchana kutwa:
huenda vidole vimegusa najisi,
huenda maji hayakufika kwenye kiwiko,
huenda komeo la choo, lile la bati,
limeacha kitu ambacho macho hayaoni
na watoto watakila.

Mumewe ndiye aliyezungumza kwanza.
Fundi friji wa Tandika, mkono wa shati umeungua kwa lehemu.
Hakusema mke wangu anaumwa.
Alisema: Madumu manane kwa siku, daktari.
Dumu mia tano. Piga hesabu.

Nikapiga. Elfu nne.
Nikaandika pembeni mwa fomu,
mahali ambapo fomu haikuuliza.

Fomu inauliza umri. Thelathini na nne.
Inauliza kama anasikia sauti. Hasikii.
Inauliza usingizi; akacheka kidogo,
akaweka mikono mezani, viganja juu,
kama abiria anayeonyesha tiketi.
Ngozi imepasuka kwenye maungio,
imepauka kama mkeka uliosahaulika juani.

Kabla yangu walipita wengi.
Shangazi alisema ni jini, tena la majini.
Mganga wa Mkuranga alichukua kuku wawili na simu.
Duka la dawa walimpa vidonge vya usingizi:
akalala, akaamka, akanawa.
Jirani akasema neno fupi, kichaa,
na neno fupi lina miguu mirefu,
lilifika shuleni kabla ya mwanawe.

Mimi nina viti viwili, saa ya ukutani, na feni inayogugumia.
Sindano iko wapi? Hakuna sindano.
Sasa wewe unatibu kwa nini?
Nikakosa jibu zuri. Nikasema, kwa muda.
Akaitazama saa yangu kama bidhaa
ambayo bei yake haijaandikwa.

Neno lenyewe tulikuwa nalo siku zote:
wasiwasi. Tumelitumia hadi limechakaa,
twamwambia mtu "ondoa wasiwasi" huku tukimkopa.
Lakini kuna wasiwasi unaobisha hodi na kuondoka,
na kuna ule unaohamia, na godoro lake,
ukawa ndio unaoamua nani aguse kata ya mtungi.
Nilipoliandika kwenye faili niliandika taratibu.
Jina la ugonjwa ni kama mkono wa ndoo:
linakusaidia kubeba, linakukata kiganja.

Nilimpigia imamu wao. Alijibu katikati ya kelele za soko:
Mara tatu. Ya nne Mungu hajaidai.
Mwambie nimesema mimi. La, hebu mpe simu.

Siku ya saba tukaenda chooni, korido ya nyuma.
Komeo. La bati, ndugu wa lile la kwao.
Akaligusa kwa kidole cha shahada,
kisha kiganja kizima, kisha tukarudi tukakaa.
Bomba liko hatua nne, na hatunawi.

Hofu ngapi kwa kumi? Tisa.
Dakika tano. Tisa.
Umeme ukakatika,
feni ikamaliza sentensi yake ikanyamaza.
Jasho. Tisa. Alitaka kulifuta, akaukumbuka mkono,
akaliacha lishuke hadi kidevuni.
Nje muuza karanga alichezesha sarafu, chwa, chwa,
akapita, akarudi.
Nane, akasema. Hakuna aliyemuuliza.
Sita.
Kisha kimya kirefu, nikadhani amesinzia.
Nne. Haijaisha, akasema,
ila imechoka kabla yangu.

Sikuandika amepona.
Ramadhani madumu yalirudi kuwa sita,
akaja analia kwa hasira, ananidai nauli zote,
tukaanza upya, na kitasa, na ukingo wa meza,
na sarafu ya mia tano iliyopita mikono ya Dar nzima,
aishike, asiinawe, anunulie watoto vitumbua.

Jana mumewe alituma ujumbe, bila salamu:
Jioni hii yamebaki mawili.
Tumemwagilia mchicha.